Ushuhudiaji wa mchezo wa watoto wa chekechea Tanga: nigawe vipi muda, fomu na waangalizi?

Mtafiti_Mgeni

Habari wadau wa saikolojia. Naandaa andiko la utafiti wa shahada ya pili, na sura ya mbinu imerudi na maneno mawili pembeni: "hakuna muundo".

Swali langu ni hili: mtoto anayeishi na watoto wakubwa kuliko yeye nyumbani, je, hucheza kwa ushirikiano na wenzake shuleni zaidi ya mtoto ambaye ndiye mkubwa au yuko peke yake? Vituo ni vinne hapa Tanga mjini: madarasa mawili ya awali ya shule za msingi upande wa Ngamiani, na chekechea mbili za binafsi, moja Chumbageni, nyingine Makorora. Watoto 12 kila kituo, jumla 48, wa miaka 4 hadi 6.

Nilivyopanga ni kukaa pembeni ya uwanja mapumziko ya saa nne, watoto wakishamaliza uji, dakika 30, na kuandika kila kinachotokea. Jioni nihesabu nani kashirikiana mara ngapi. Nina msaidizi mmoja na wiki sita tu za uwandani. Nigawe vipi muda kati ya watoto? Fomu iwe na nini? Msaidizi afanye kazi gani hasa? Na je, si bora nirekodi video kwa simu nikaitazame kwa utulivu nyumbani?

FundiSampuli

Karibu mkuu. Kuandika kila kinachotokea kunafaa siku za mwanzo tu, unapojifunza uwanja na kuokota tabia za kuingiza kwenye fomu. Kama data ya kupimia hakufai, kwa sababu jicho hufuata kelele. Wanaogombea bembea utawaandika ukurasa mzima, na yule anayechora mchangani chini ya mwarobaini hutamwona mpaka kengele ilie. Jeanne Altmann, mtafiti wa nyani wa Amboseli hapo Kenya, alizichambua mbinu za sampuli za tabia moja moja mwaka 1974, na hadi leo wanaochunguza watoto wanatumia mpangilio wake.

Kwako ziko njia mbili. Ya kwanza ni kumfuata mtoto mmoja kwa muda uliopangwa, kisha unahamia kwa anayefuata kwenye orodha. Ya pili ni kupitisha jicho uwanja mzima kila baada ya dakika kadhaa na kuandika kila mtoto yuko kwenye hali gani wakati huo. Ya pili inavutia kwa kuwa inakusanya wengi haraka, lakini kwenye uwanja wa shule ya msingi, sare moja, vichwa vimenyolewa vyote, utamaliza mapumziko ukitafuta nani ni nani. Chukua ya kwanza.

Sasa hesabu. Mpe kila mtoto kipindi cha dakika 2, na dakika 1 ya kumtafuta anayefuata. Dakika 30 zinatoa vipindi 10 kwa mwangalizi mmoja. Ukitaka vipindi 8 kwa kila mtoto, 48 mara 8 ni 384. Kati ya hivyo, kama 20% vinatakiwa viangaliwe na ninyi wawili kwa wakati mmoja ili kupima mnavyokubaliana. Kwa hiyo: siku 8 mko pamoja kituo kimoja (vipindi 80), siku 16 kila mmoja na kituo chake (vipindi 320). Jumla siku 24, vipindi 400, umevuka lengo kidogo. Wiki sita zina siku 30 za shule. Sita zinazobaki ni za mazoezi na za dharura. Usipange vipindi vya dakika 5 kwa kudhani ndiyo umakini. Mtoto akiwa kwenye mchezo mmoja, dakika ya nne inakwambia karibu kilekile cha dakika ya pili. Afadhali umwone siku nyingi kwa muda mfupi.

Jambo linalosahaulika: mbadilishane vituo. Wewe ukibaki Ngamiani siku zote na msaidizi akabaki Makorora, tofauti ya vituo na tofauti ya macho yenu zitakuwa kitu kimoja, na hakuna hesabu itakayozitenganisha.

Ndani ya dakika 2, rekodi kwenye simu faili lenye mlio kila sekunde 20, sikiliza kwa sikio moja. Mlio ukilia, inua macho, andika mtoto anafanya nini *sekunde hiyo*. Milio 6 kwa kipindi, 48 kwa kila mtoto. Kosa la kawaida ni kuandika "ndiyo" kama tabia ilitokea wakati wowote ndani ya zile sekunde 20 zilizopita. Ukifanya hivyo, mtoto anayezungumza na mwenzake sekunde 2 katika kila 20 atatoka na 100%, wakati ukweli ni 10%. Ukigeuza, ukadai tabia ijaze sekunde zote 20, atatoka na sifuri. Kuangalia sekunde ya mlio tu ndiko kunakotoa makadirio ya sehemu ya muda yasiyoegemea upande.

Kasoro ya mlio ni kwamba haukamati mambo adimu na ya ghafla: kumegea mwenzako andazi, kumbembeleza anayelia, kunyang'anya. Haya yawekee kisanduku chake chini ya fomu, uyapige alama kila yanapotokea ndani ya dakika 2. Usiyachanganye na ya mlio kwenye uchambuzi. Moja ni sehemu ya muda, jingine ni idadi ya matukio.

Fomu iwe nusu ya karatasi ya A4, kipindi kimoja kwa kila karatasi, kwenye ubao wa klipu. Juu: namba ya mtoto (si jina), tarehe, saa ya kuanza, kituo, mwangalizi, hali ya hewa, idadi ya watoto uwanjani. Katikati: safu sita za milio. Pembeni: kisanduku cha "ameniangalia". Tumia penseli. Jasho la saa nne la Tanga na wino wa kalamu havielewani.

Mpangilio wa watoto upigiwe kura ya bahati nasibu kabla hujafika shuleni. Asipoonekana ndani ya sekunde 60, mruke, mrudie mwisho. Usimfuate chooni wala darasani. Na usimwangalie aliye karibu nawe kwa sababu tu yuko karibu.

BintiNgamiani

Upande wa saa Fundi kaumaliza. Ila ndugu, neno "ushirikiano" bado halina mipaka, na hapo ndipo fomu itakapovunjika.

Wengi huanza na makundi ya Mildred Parten ya mwaka 1932: asiyejishughulisha, anayecheza peke yake, mtazamaji, anayecheza sambamba na wenzake bila kuchanganyika nao, anayecheza pamoja nao bila mpango wa pamoja, na anayecheza kwa ushirikiano wenye mpango na kugawana kazi. Naye alimwangalia kila mtoto dakika moja moja, siku tofauti, kwa hiyo mpango wa Fundi si mgeni. Makundi yatumie, lakini usiyafanye ngazi ya 1 hadi 6 ukatafuta wastani. Bakeman na Brownlee mwaka 1980 walifuatilia hali moja inafuatwa na ipi, wakakuta kucheza sambamba mara nyingi ni mlango wa kuingilia kwenye kundi: mtoto anajisogeza, anafanya kile wanachofanya wenzake, kisha anapokelewa. Huyo si mtoto aliye "chini". Ripoti sehemu ya muda kwa kila kundi, na kwa swali lako angalia zaidi hayo mawili ya mwisho, kila moja peke yake.

Sasa weka makundi hayo kwenye uwanja wa hapa uone yanavyoyumba. Rede: wawili wanarusha mpira, mmoja katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa, na watatu wamesimama pembeni kwa sababu wameshatoka. Hao watatu ni watazamaji? Kwa macho, ndiyo. Kwa mchezo, hapana; wanasubiri zamu na wanahesabu. Mdako ni hivyohivyo: wanne wamechuchumaa kwenye kishimo, mmoja tu ndiye anarusha kete. Ukiwaita waliobaki watazamaji, mchezo wenye kanuni kali kuliko yote uwanjani utaonekana una mshiriki mmoja.

Kanuni ninayoipendekeza: mtoto aliyekuwa na zamu ndani ya mchezo huo, au anayedai zamu kwa maneno au kwa kujipanga, ni mshiriki hata akiwa amesimama. Asiyekuwa na zamu na hadai ni mtazamaji. Ukikuta mchezo umeshaanza na hujui nani alishacheza, angalia kama wachezaji wanamhesabu: wakimtaja, wakimwita au wakimbishia, yumo.

Kupikapika kuna mtego mwingine. Watoto watatu wana vifuu na mchanga, kila mmoja anakoroga chake. Je, ni sambamba au ushirikiano? Sikiliza ugawaji wa kazi: "wewe mama, mimi nimekwenda sokoni". Ukiusikia, au ukiona kitu kimoja kinapita mikononi mwa wawili kwa lengo moja, andika ushirikiano. Vifuu vimekaa karibu tu bila hayo, andika sambamba. Ukiwa mbali husikii, kwa hiyo weka umbali wa kusimama: mita 3 hadi 5 inatosha kusikia bila kumfunika mtoto kivuli. Na weka alama ya "sijaona" kwa pale mtoto anapokatiza nyuma ya ukuta. Bila alama hiyo, mwangalizi atabuni.

Kila kundi lipewe ukurasa mmoja kwenye mwongozo: maana, mifano miwili ya ndiyo, mifano miwili ya hapana, na kanuni ya mpakani. Mifano ya hapana ndiyo inayofundisha. Mwongozo ukishafungwa, usiuguse katikati ya ukusanyaji. Ukilazimika kuugusa, andika tarehe, na data za kabla ya tarehe hiyo zihesabiwe kama za mazoezi.

Mzee_wa_Rigresheni

Nitaongeza mawili ambayo kamati itakubana nayo.

Kwanza, idadi. Vipindi 384 mara milio 6 ni milio 2,304, na utashawishika kuandika "n = 2,304". Usithubutu. Swali lako linalinganisha watoto, na watoto ni 48. Vipindi vya mtoto mmoja vinafanana. Tuseme, kwa mfano tu, ufanano huo una kiwango cha 0.2 (0 ni kutofanana kabisa, 1 ni kufanana kabisa). Kwa vipindi 8 kwa mtoto, unagawanya kwa 1 + (8 − 1) × 0.2, yaani 2.4. Vipindi vyako 384 vina uzito wa kama 160 tu. Na bado hujaweka kwamba watoto wa kituo kimoja wanafanana, wala kwamba Juma akicheza kwa ushirikiano, aliye naye pia amehesabiwa hivyo kwa mlio uleule.

Kwa makundi mawili ya watoto 24, ukitaka nguvu ya 80% (uwezekano wa kuiona tofauti iliyopo) na kiwango cha 0.05 (hatari ya kudai tofauti isiyokuwepo), utagundua tofauti ya takribani mikengeuko sanifu 0.8 au zaidi (mkengeuko sanifu ni kipimo cha jinsi watoto wanavyotawanyika). Hiyo ni tofauti kubwa sana. Tofauti ya 0.5 inahitaji watoto 64 kila kundi. Kwa hiyo ama uongeze watoto na kupunguza vipindi kwa kila mmoja, ama useme wazi kwenye andiko kwamba huu ni utafiti wa kukadiria na si wa kuthibitisha nadharia tete. Kwa muda na mikono uliyonayo, ningechagua la pili. Tumia modeli ya ngazi, yaani hesabu inayojua kwamba vipindi vya mtoto mmoja vinafanana: vipindi ndani ya mtoto. Vituo vinne ni vichache mno kuvifanya ngazi ya tatu, viingize kama makundi ya kudumu, yaani kila kituo kiwe na alama yake kwenye modeli.

La pili ni kubwa zaidi, nalo ni nyumba. Umeandika "mtoto anayeishi na watoto wakubwa". Nenda Ngamiani, nyumba ya vyumba sita, wapangaji wanne, uwani mmoja. Mtoto wa kwanza wa mpangaji wa chumba cha mbele kwenye fomu yako ni "hana mkubwa", lakini kuanzia saa nane mchana anacheza na watoto wa wapangaji wenzake mpaka magharibi. Mwingine ana kaka yake wa miaka 15 anayesoma bweni: kwenye fomu "ana mkubwa", kwenye maisha hamwoni isipokuwa likizo. Bado hatujamgusa mtoto wa mama mkubwa anayelelewa hapohapo, ambaye mama akiulizwa "una watoto wangapi" anaweza kumhesabu au asimhesabu. Ukiweka ndiyo/hapana, makundi yako mawili yatachanganyika, na tofauti yoyote iliyopo itazama.

Uliza hivi: "Jana, kuanzia alipotoka shule hadi alipolala, alikuwa na watoto gani?" Kwa kila mmoja andika umri, wanalala nyumba moja au la, na takribani saa ngapi walikuwa pamoja. Rudia kwa siku moja ya mwisho wa wiki. Utapata kipimo cha saa za kuwa na watoto wakubwa, na hicho kina habari nyingi kuliko alama ya ndiyo. Usisahau chuoni: wengi wanakwenda madrasa alasiri, na pale umri umechanganyika kuliko darasa la awali.

Vitu vingine vinavyoweza kukudanganya: umri (chukua kwa miezi kutoka kwenye cheti au kadi ya kliniki, usikubali "ana mitano"), miezi tangu aandikishwe kituoni, na kama mkubwa wake anasoma shule hiyohiyo. Hili la mwisho ni sumu. Kwenye darasa la awali lililo ndani ya shule ya msingi, dada wa darasa la tatu anakuja mapumziko, anamshika mkono mdogo wake na kumwingiza kwenye mchezo. Utaandika ushirikiano wa mtoto, kumbe ni kazi ya dada. Weka alama ya "mkubwa wa familia yuko ndani ya mita 5". Na kwa kuwa hali hiyo ipo kwenye shule za msingi na haipo kwenye chekechea za binafsi, linganisha watoto ndani ya kituo kimoja kimoja kwanza: sita wenye saa nyingi, sita wenye saa chache, umri wao ukikaribiana.

Hata ukifanya yote haya, sentensi ya matokeo ni "kunahusiana na", si "kunasababisha". Familia yenye watoto watano na yenye mmoja zinatofautiana kwa mengi ambayo fomu haiyaoni.

Mtafiti_Mgeni

Nashukuru sana wote, Mzee umenifumbua macho na suala la wapangaji. Tumefanya zoezi la milio 200 na msaidizi, kwa swali moja tu: ushirikiano, ndiyo au hapana. Tumekubaliana 93%. Lakini kappa (kipimo cha makubaliano kinachoondoa ya bahati) imetoka 0.55 na msimamizi anasema haitoshi. Wote ndiyo: 10. Wote hapana: 176. Mimi tu ndiyo: 8. Msaidizi tu ndiyo: 6. Nimekosea kuhesabu?

FundiSampuli

Hesabu iko sawa. Tazama ilikotoka. Wewe umesema ndiyo mara 18 kati ya 200, yaani 0.09. Msaidizi mara 16, yaani 0.08. Mngekuwa mnabahatisha kwa viwango hivyo, mngekubaliana ndiyo kwa 0.09 × 0.08 = 0.0072, na hapana kwa 0.91 × 0.92 = 0.8372. Jumla 0.8444. Kwa hiyo makubaliano ya 84% mngeyapata mmefumba macho. Kappa, kipimo cha Jacob Cohen cha mwaka 1960, inauliza mmevuka bahati kwa kiasi gani: (0.93 − 0.8444) ÷ (1 − 0.8444) = 0.0856 ÷ 0.1556 = 0.55.

Kuna watakaokwambia kappa inaonea tabia adimu, na ni kweli kwamba tabia ikiwa adimu kappa hushuka hata makubaliano ya asilimia yakiwa juu. Usikimbilie utetezi huo. Angalia milio ambayo angalau mmoja wenu aliona ushirikiano: 24. Mliyokubaliana ni 10. Chini ya nusu, na tabia hiyo ndiyo mada ya utafiti wako wote.

Habari njema iko kwenye 8 na 6. Zinakaribiana, maana yake hakuna mmoja mwenye mkono mlegevu wa kusema ndiyo. Ingekuwa 14 na 0, tatizo lingekuwa maana: mmoja anaelewa ushirikiano kwa upana kuliko mwenzake. Kwa 8 na 6 tafuta kwanza kwenye vitu vya kawaida. Je, mlisikia mlio mmoja? Simu mbili zilizoanzishwa kwa vidole viwili hupishana sekunde mbili tatu, na kwenye mchezo wa watoto sekunde tatu ni mchezo mwingine. Tumieni simu moja na kigawanya sauti cha spika mbili za masikio. Je, mlisimama upande mmoja? Je, mlikuwa mnamwangalia mtoto yuleyule? Kisha pitieni hiyo milio 14 mmoja mmoja na mwongozo mkononi. Yale ya mdako na kupikapika yatajitokeza yenyewe.

Fanyeni mazoezi mpaka kila kundi, peke lake, lifike 0.70, siyo kappa ya jumla tu. Makundi mepesi kama "peke yake" huficha aibu ya makundi magumu. Landis na Koch mwaka 1977 waliita 0.61 hadi 0.80 makubaliano makubwa, ila wenyewe walikiri mipaka hiyo ni ya kujipangia.

Baada ya kuanza kazi yenyewe, msijadiliane mlivyoandika kisha mkarekebisha. Kila fomu ibaki ilivyo. Kwa siku za pamoja, fomu ya nani itaingia kwenye uchambuzi ipigiwe kura mapema. Kumbuka pia kwamba John Reid alionyesha mwaka 1970 kuwa waangalizi wakijua wanapimwa hukubaliana vizuri kuliko wanapodhani hawapimwi. Siku zenu 8 za pamoja mtajua mnapimwa, hivyo kappa hiyo ichukuliwe kama dari. Zisambazeni siku hizo wiki zote, maana macho huhama polepole bila mwenyewe kujua.

Mwl_Pongwe

Naona uwanja umesahauliwa kidogo.

Siku ya kwanza mtoto wa kwanza atakuja na "shikamoo", na nyuma yake thelathini. Vitabu vinasema mwangalizi asiingiliane na watoto. Hapa mtu mzima asiyeitikia shikamoo ni kioja, na watoto watakuzunguka kukuchunguza zaidi. Kubalianeni na msaidizi: "marahaba", mara moja, kisha macho kwenye karatasi. Akiuliza unaandika nini, jibu moja kwa wote: "naandika kazi yangu". Hakuna pipi, hakuna kuamua ugomvi wa watoto, isipokuwa mtoto anakaribia kuumia. Hapo unaacha fomu, unamsaidia, na kipindi hicho kinafutwa.

Nendeni siku tatu au nne za kuzoeana, mkiwa na ubao na spika za masikio, mkijaza fomu ambazo hazitahesabiwa. Kile kisanduku cha "ameniangalia" ndicho kipimo: idadi ikiwa bado inashuka siku kwa siku, hamjazoeleka. Usimwonyeshe mwalimu swali lako lote. Mwambie mnaangalia michezo ya watoto, bila kutaja ushirikiano, la sivyo mapumziko yatageuka maonyesho na watoto watapangwa duara waimbe ukuti ukuti. Hilo lielezwe kwenye maombi ya kibali, na mwalimu aelezwe kila kitu mwisho.

Msaidizi naye asijue mtoto gani ana saa nyingi na wakubwa. Rosenthal na Fode mwaka 1963 waliwapa wanafunzi panya wa kawaida, wengine wakaambiwa wao wamepata panya werevu, na panya "werevu" wakafanya vizuri zaidi. Kama hilo linatokea kwa panya kwenye njia za mbao, litatokea kwa mtoto mwenye kifuu. Mahojiano ya wazazi yafanyike *baada* ya ushuhudiaji, au ayafanye mtu wa tatu na majibu yakae kwenye faili lililofungwa.

Video: ningeiacha. Simu ikiinuliwa, watoto wanakuja mbele ya kamera, na sauti ya uwanja mzima hailinganishwi na sikio lililo mita 4. Kisha kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka taarifa za watoto kwenye fungu la taarifa nyeti. Uwanjani kuna watoto wengi ambao wazazi wao hawajakupa ridhaa, na video inawachukua wote. Fomu ya penseli inamchukua mmoja. Ukihitaji video ya mafunzo ya waangalizi, rekodi watoto wachache, kwa ridhaa ya wazazi wao, mahali pa faragha, uifute kwa tarehe uliyoiandika kwenye fomu ya ridhaa.

Vibali: kamati ya maadili ya chuo chako kwanza, kisha barua ya utambulisho ipite mkoani, kwa Mkurugenzi wa Jiji na afisa elimu, ndipo mwalimu mkuu. Anza mapema kuliko unavyodhani. Ridhaa ya mzazi iandikwe kwa Kiswahili cha kawaida, ukurasa mmoja, na isomwe kwa sauti kwenye kikao cha wazazi. Mtoto mwenyewe akikukimbia au akijificha kila ukimtazama, hiyo nayo ni "hapana". Mwondoe kwenye orodha ya siku hiyo.

Mtoto asiye na ridhaa akiwa kwenye kundi analocheza mtoto wako, andika tu "wengine 2". Hana namba, hana maelezo.

Mtafiti_Mgeni

Asante mwalimu. Swali la mwisho: mvua. Nikiangukia vuli, na watoto wakabaki ndani ya darasa au barazani, vipindi hivyo nivifute?

BintiNgamiani

Usivifute na usivichanganye. Ndani ya darasa watoto wamebanana, kwa hiyo kucheza sambamba kutapanda kwa sababu ya kuta tu. Amua leo, kabla hujaona data: vipindi vya ndani vinawekewa alama "ndani", havihesabiwi kwenye vile 8, na vinaripotiwa pembeni. Kisha kila mtoto aliyepoteza kipindi kwa mvua anarudishwa juu ya orodha siku kavu inayofuata, kwa mpangilio uleule wa kura.

Mvua ikianza katikati ya kipindi, milio iliyokwisha kuandikwa inabaki kwenye fomu, iliyobaki ni "sijaona", na kipindi chenye milio chini ya 4 iliyoonekana kinarudiwa. Kama ratiba inakuruhusu, anza Julai shule zikifunguliwa, umalize kabla ya Oktoba.

Mzee_wa_Rigresheni

Na uandike idadi ya vipindi vilivyorudiwa, kituo kwa kituo. Chekechea yenye baraza pana na shule isiyo na baraza hazitapoteza vipindi sawa.